Barua za Ukoo wa Mtemi: Tuchome za Umbea?

SWALI: Mbukwenyi! Babu yetu alikuwa wa ukoo wa mtemi huku Mvumi. Ameacha sanduku la barua za ndugu zake za miaka ya 1950. Nyingine zinazungumzia TANU na hofu ya utemi kuondolewa. Nyingine ni umbea mtupu: nani kaposa wapi, mahari ya ng'ombe imekwama, nani kamkimbia mume. Kaka anasema tutunze za siasa, za umbea tuchome. Tufanyeje?
Msomaji, Mvumi

JIBU: Msichome hata moja, wala msizigawe mafungu mawili. Kwenye nyumba ya mtemi posa ilikuwa siasa. Barua inayolalamika kwamba wakwe hawakufika harusini huenda ndiyo itakayowaonyesha nani alikwishakata kadi ya TANU, chama kilichoanzishwa Julai 1954, na nani bado aliegemea serikali ya Mwingereza. Mambo hayo watu waliogopa kuyaandika waziwazi, kwani barua iliweza kufunguliwa njiani au kusomwa kwa sauti mbele ya wageni. Mkikuta "yule bwana wa bomani" au jina la utani, liandikeni kwenye daftari pamoja na namba ya barua, mkawaulize wazee mwezi huu huu.

Isiyo na tarehe, tazameni stempu. Tanganyika ilichangia stempu na Kenya na Uganda. Yenye sura ya Malkia Elizabeth wa Pili haiwezi kuwa ya kabla ya 1952. Huo ni mwanzo tu, maana stempu iliweza kukaa mkobani miaka. Barua ikitaja kura tatu, yaani kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, ni ya uchaguzi wa 1958 na 1959. Kilio cha kuvuliwa utemi kwa sheria ni cha 1963.

Kila barua ibaki na bahasha yake. Namba iandikwe kwa penseli laini, pembeni, nyuma. Pini ziondoeni taratibu, kutu hutoboa karatasi. Msipake gundi, msibandike selotepu, na msipeleke kupigwa plastiki: hakuna kurudi nyuma. Msifute vumbi kwa kitambaa kibichi, kwa sababu maandishi ya penseli ya kopi yakiguswa na maji hugeuka zambarau na kusambaa. Mkunjo uliokauka usilazimishwe. Sanduku likae juu ya meza, mbali na ukuta, mchwa wetu mnawajua.

Pigeni picha kwa simu kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, pande zote mbili na bahasha. Jina la picha lianze na mwaka, mwezi, siku: 1957-08-14.

Kuna umbea unaogusa walio hai, hasa kuhusu mtoto ni wa nani. Barua hizo zifungeni kwenye bahasha ya peke yake, namba ile ile, na picha zake zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka wenyewe waridhie.