Kupunguza #include katika mradi mkubwa wa C

SWALI: Mimi ni mhandisi wa programu hapa Kisumu. Timu yetu imerithi mfumo wa mita za maji ulioandikwa kwa lugha ya programu ya C, wenye mamia ya faili. Nikigusa mstari mmoja katika heda ya mfumo.h (heda ni faili ya matamko inayoingizwa katika faili nyingine kwa agizo la #include), karibu programu nzima hujengwa upya. Je, niondoe #include moja baada ya nyingine na kurudisha zile tu ambazo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, itazilalamikia?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiitumie njia hiyo peke yake, kwa sababu ukimya wa kompaila hauthibitishi kwamba heda haikuhitajika. Tuseme heda uliyoiondoa ndiyo iliyobeba makro (jina lililofafanuliwa kwa #define) ya TUMIA_AKIBA. Msimbo wote uliomo ndani ya #ifdef TUMIA_AKIBA, ambao husomwa tu makro hiyo ikiwepo, utarukwa bila onyo lolote, programu itajengwa salama, na hitilafu itajitokeza wakati mita zimekwisha kufungwa majumbani mwa watu.

Funksheni zisizotangazwa nazo ni hatari. C99, kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999, kilizipiga marufuku, lakini kompaila ya GCC iliendelea kutoa onyo tu hadi toleo la 14, mwaka 2024, lilipolifanya kuwa kosa. Katika matoleo ya awali, funksheni yenu inayorudisha pointa (anwani ya kumbukumbu) itadhaniwa kurudisha int (namba kamili), na kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani inaweza kupotea. Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, washa -Werror=implicit-function-declaration, ili onyo hilo liwe kosa.

Baada ya hapo, hakikisha kila faili ya .c inaanza kwa kujumuisha heda yake yenyewe, ili heda inayotegemea nyingine kwa siri ijulikane mara moja. Amri ya gcc -H itakuonyesha heda zote zinazosomwa, nukta zikiashiria kina chake.

Nafuu kubwa, hata hivyo, utaipata ndani ya mfumo.h yenyewe. Pale ambapo heda inataja muundo kwa pointa tu, tamko fupi linatosha:

struct mita;
int soma_mita(struct mita *m);

Ufafanuzi kamili unahitajika pale tu msimbo unapogusa sehemu za muundo huo, unapotaka ukubwa wake, au unapoupachika ndani ya muundo mwingine.

Zana ya include-what-you-use, iliyojengwa juu ya kompaila ya Clang, itakusaidia kwa kupendekeza heda za kuongeza au kuondoa, lakini huona tu usanidi unaoujenga wakati huo. Matawi ya #ifdef ya aina nyingine za mita haiyaoni. Jenga kila usanidi.

Fanya mabadiliko madogo madogo. Ingo Molnár, mmoja wa waandaaji wa Linux, alipotuma kazi ya aina hii kwa ajili ya kiini cha Linux, Januari 2022, ilikuwa na viraka (mabadiliko madogo ya msimbo) zaidi ya 2,200. Kwa kila kiraka chako, linganisha matokeo ya kabla na baada ya objdump -d, zana inayoonyesha msimbo wa mashine: yakifanana, msimbo wa mashine haukubadilika. Tofauti zinazotokana na __LINE__ (namba ya mstari), hasa penye ukaguzi wa assert, zisikutie hofu. Nyingine yoyote ifuatilie hadi uielewe kabla ya kuendelea.