Umetibiwa wewe, mwenzio je?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Dar es Salaam, na zinazunguka jambo moja: mtu katibiwa ugonjwa wa zinaa, kisha ugonjwa umerudi, au karatasi ya maabara inadai umerudi. Tumechagua nne.

Nilienda zahanati natokwa usaha, na mkojo unachoma. Sikupimwa chochote. Nilichomwa sindano moja, nikapewa vidonge vya siku saba na kadi mbili "za wenza". Hapo si nimetibiwa kwa kubahatisha? (Msomaji, Mbagala)

Hukubahatishiwa. Huo ni utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili. Usaha ukitoka kwenye uume, watuhumiwa wakuu ni wawili, kisonono na klamidia, na mara nyingi huandamana. Kipimo kinachowatenganisha kwa uhakika ni cha vinasaba. Ni ghali na zahanati nyingi hazina. Ukiambiwa urudi keshokutwa kuchukua majibu, huenda usirudi kabisa, na siku hizo mbili unaendelea kuambukiza. Ndiyo maana wote wawili hupigwa siku ileile: seftriaksoni ya sindano kwa kisonono, doksisaiklini miligramu 100 kutwa mara mbili kwa siku 7 kwa klamidia.

Njia hii ilipimwa hapahapa kwetu. Vijijini Mwanza, kati ya 1991 na 1994, jamii 12 zilifuatiliwa: sita ziliboreshewa matibabu ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, sita zikasubiri. Zile zilizoboreshewa zilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40.

Kinachoharibu ni pale usaha unapokata siku ya pili au ya tatu, vidonge vilivyobaki vikaishia kabatini. Maliza zote 14. Meza ukiwa umekaa, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Kidonge cha doksi kikigota kooni kinaunguza umio. Usikichanganye na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu. Tendo la ndoa lisubiri siku 7 tangu sindano, na hadi mwenzio naye amalize. Wiki ikipita bado unatokwa usaha, usirudie dawa ileile: rudi kituoni uoteshewe usaha maabara, kwa kuwa ama umeambukizwa upya, ama vimelea vimekuwa sugu.

Utaratibu huu una udhaifu wake, tusifiche. Kwa wanaume unafanya kazi vizuri, kwa wanawake unachechemea. Ute usio wa kawaida ukeni mara nyingi ni fangasi au bakteria wa kawaida waliozidi, wala si zinaa. Na mwanamke mwenye klamidia mara nyingi hana dalili hata moja. Huyo hatakuja mwenyewe zahanati. Kinachoweza kumleta ni ile kadi uliyopewa umpelekee, aje naye atibiwe.

Miezi miwili hii nimekuwa na wawili, mmoja ni mke wangu. Nikimpa kadi, ndoa imekwisha. Siwezi kununua dawa nikamwekea kwenye chai? (Baba wa wawili, Kimara)

Hapana, ndugu. Sindano haiwekwi kwenye chai, na doksi hapewi mjamzito. Je, una hakika mkeo hana mimba changa? Akidhurika, hata daktari hatajua alikunywa nini.

Kadi hukuisoma vizuri. Haina jina lako. Ina namba, tarehe, kituo na alama inayomwambia mhudumu atibu nini. Kadi hupewa kila uliyelala naye siku 60 kurudi nyuma, na hesabu hiyo haikutolewa hewani: kisonono hujionyesha kwa kawaida ndani ya siku 2 hadi 7, lakini klamidia huchukua wiki moja hadi tatu na inaweza kutulia kimya zaidi ya hapo. Kwa kaswende hatua ya kidonda tunarudi miezi 3 nyuma, hatua ya vipele miezi 6, na ikiwa haina dalili lakini ni ya karibuni, mwaka mzima.

Njia ziko tatu, uchague. Kwanza, umpe kadi mwenyewe. Pili, mhudumu ampigie simu au amwite bila kukutaja. Tatu, mwekeane ahadi na mhudumu: unapewa, tuseme, wiki moja; ikipita bila mwenzio kufika, yeye ndiye anapiga. Kwa mke wa nyumbani njia ya pili haifichi kitu, kwa sababu atajua mara moja ni nani. Wengi hufanikiwa kwa kwenda wote wawili, mhudumu akaeleza ugonjwa bila kuhoji nani alianza, maana kipimo hakionyeshi nani alianza. Kama kuna hatari ya kipigo kwa upande wowote, sema kabla kadi haijatoka mezani.

Mwaka juzi nilikutwa na kaswende kliniki ya wajawazito, nikachomwa sindano. Sasa nina mimba nyingine na kipimo kimetoka chanya tena. Mume wangu ananituhumu. (Mama Zawadi, Tandika)

Dada, huenda hujafanya lolote, na yeye pia huenda hajafanya. Kipimo cha haraka cha kidole, kile kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja, husoma kinga dhidi ya mdudu wa kaswende. Kwa watu wengi kinga hiyo hubaki damuni maisha yote hata baada ya kupona. Kinasema "umewahi". Hakisemi "unaumwa sasa".

Swali la sasa linajibiwa na kipimo kingine cha damu kiitwacho RPR. Tone la seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, huwekwa kwenye duara la kadi nyeupe, likaongezwa antijeni, yaani kimiminika cha kupimia chenye chembe za mkaa, kadi ikazungushwa kwa mashine dakika 8, mizunguko 100 kwa dakika. Chembe zikijikusanya mafungumafungu meusi, ni chanya. Zikibaki vumbi la kijivu lililotandaa sawasawa, ni hasi. Kadi ikiachwa ikauke kabla ya kusomwa, majibu yanadanganya. Kisha seramu huzimuliwa mara 2, 4, 8, 16, 32, na huandikwa kiwango cha mwisho kilichoganda, mfano 1:32.

Namba hiyo ndiyo ya kudai iandikwe kwenye kadi yako. Ikishuka hatua mbili, kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Ikipanda hatua mbili, 1:4 hadi 1:16, ni maambukizi mapya au tiba imeshindwa. Kutoka 1:4 hadi 1:8 si habari. Ni hatua moja, inaweza kuwa tofauti ya jicho la msomaji. Wengine hubaki 1:2 miaka na miaka na hawaumwi.

Kama kituo hakina RPR, au namba ya zamani haipo, utachomwa tena. Usikatae. Benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 ndiyo dawa inayotegemewa kumlinda mtoto tumboni, na ikiwa haijulikani umeishi na ugonjwa muda gani, ni sindano tatu, moja kila wiki. Ukiruka wiki, kozi huanza moja. Ni dawa nzito kama maziwa, hugawanywa makalio yote mawili, na sindano nyembamba huziba. Homa na maumivu ya mwili usiku huo ni kawaida, lakini mjamzito akihisi mtoto hachezi au tumbo linabana, arudi haraka. Mumeo naye apimwe.

Jiji lina watu zaidi ya milioni 5. Wakubwa wanajuaje kama kisonono kinapanda? (Mwalimu, Ubungo)

Kwa vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kila kituo kinajumlisha rejesta zake kila mwezi, na jumla zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Zinazopelekwa juu ni hesabu, si majina.

Matobo ni mengi. Anayenunua vidonge vitatu dukani akisema ana "UTI" hahesabiwi popote. Na akipewa siprofloksasini, ambayo kisonono kimeshaizoea, anarudi mtaani na ugonjwa wake. Anayeishi Mbagala akatibiwa Sinza huhesabiwa Sinza, kwa hiyo ramani huonyesha kliniki zenye sifa kuliko mitaa yenye ugonjwa. Na namba zikiruka ghafla, uliza kwanza kama vitepe vya kupimia viliisha mwezi uliotangulia.

Ndiyo maana kaswende ya kliniki za wajawazito inaaminika zaidi: hupimwa wote, wenye dalili na wasio nazo. Waliopimwa wakiwa 200 na chanya 6, unajua ni 3 kwa 100. Kwa usaha unajua waliokuja tu.

Kwa hiyo ukiulizwa mapokezi unaishi wapi, taja mtaa unakolala, si wa shangazi yako.