Akina John, Grover na Dewey: maswali yenu kuhusu majina

Nilipogusia hapa majina ya wavulana wa Marekani ya mwisho wa karne ya 19, maswali yalimiminika. Najibu haya manne.

Ni kweli zama zile kila mvulana aliitwa John?

Si kila mmoja, ila walijaa. Takwimu za majina za mamlaka ya hifadhi ya jamii ya Marekani zinaanzia 1880, na mwaka huo John anaongoza, William akimfuata unyounyo. Halafu James, Charles na George. Hao wawili wa kwanza peke yao ni kama asilimia 16 ya wavulana walioorodheshwa. Siku hizi jina linaloongoza halifikishi hata asilimia 2. John alikalia kiti hicho mpaka 1923. Mwaka uliofuata Robert akampokonya. Mtoto alirithi jina la baba au babu, na babu mwenyewe alikuwa John. Sisi tunaowapa wajukuu majina ya babu zao tusijifanye kushangaa.

Takwimu hizo tuziamini?

Kwa tahadhari. Zinahesabu walioomba kadi za hifadhi ya jamii tu, na sheria yake ilipitishwa 1935, kwa hiyo aliyezaliwa 1880 akafariki mapema hayumo kabisa. Angalia nani yuko juu ya nani, idadi kamili usiishikilie.

Kwenye karatasi za sensa, babu wa babu ya mume wangu kaandikwa "Jno". Ndilo jina gani?

Ni John huyo huyo! Makarani waliandika kwa mkono kutwa nzima, wakafupisha: Wm ni William, Chas ni Charles, Jas ni James, Geo ni George. Ila ukikuta Charlie au Willie, usikimbilie kusema ni kifupisho cha karani. Wengi walipewa hivyo tangu kuzaliwa. Hata Frank, aliyeshika nafasi ya sita 1880, mara nyingi hakuwa na Francis yeyote nyuma yake.

Grover na Dewey walitokea wapi?

Hapo ndipo utamu. Grover Cleveland alishinda urais 1884, na jina lake likapanda ghafla. Kichekesho ni kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Stephen, akaliacha mwenyewe. Wazazi wakalikimbilia lile la pili. Wengine walibeba jina zima: mchezaji besiboli Grover Cleveland Alexander alizaliwa Nebraska 1887, Cleveland akiwa bado madarakani. Dewey ni habari ya vita. Tarehe 1 Mei 1898 George Dewey, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, aliteketeza meli za Wahispania katika ghuba ya Manila, na mwaka huo huo jina lake la ukoo likaingia kwenye ishirini bora ya majina ya wavulana. Angalia walichochagua: George walikuwa nao tele, wakachukua Dewey. Kisumu nao walifanya hivyo Novemba 2008, vitoto vikaitwa Obama.