Shata ya gereji imekuwa nzito: usikubali bei ya kubadilisha yote kabla hujajua kinachoumwa

Mkuu, nikuelewe hivi: shata (mlango wa vipande vyembamba vya bati, yaani mabapa, unaojikunja juu) ya gereji ya gari moja, nyumba iko Shangani hapa Mtwara, uwazi wa mlango ni upana mita 2.7 na urefu mita 2.4, ina miaka tisa. Siku hizi haiinuki mpaka washike watu wawili, na mabapa ya chini yametoboka. Fundi kasema ng'oa yote, weka mpya yenye mota. Unauliza kama bei yake ni ya haki.

Ukimwambia fundi "shata mbovu, nipe bei", umemkabidhi mpini na wewe umeshika makali. Uzito ni ugonjwa mmoja, kutoboka ni mwingine, na kila mmoja una bei yake.

Tuanze na uzito. Shata ya bati la milimita 0.8 ina kilo kama 9 hadi 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo yako inakaribia kilo 70 au zaidi. Kilo hizo hazibebwi na mkono wako, zinabebwa na springi zilizosokotwa kwenye shafti, bomba la juu ambalo shata hujikunja. Kipimo ni hiki: inua shata mpaka usawa wa kiuno, sogeza miguu pembeni, legeza mkono taratibu. Ikibaki pale au ikishuka pole pole, springi zina afya. Ikianguka, zimechoka au moja imekatika. Ikipanda yenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Na kama inakuwa ngumu sehemu moja tu halafu inaachia, usisumbue springi: reli ya pembeni imepinda au imejaa mchanga.

Springi nyingi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000. Kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Gari likitoka na kurudi mara mbili kwa siku, hiyo ni mizunguko minne, kwa mwaka 1,460, kwa miaka tisa 13,140. Kwa hesabu hiyo springi zako zimefanya kazi yake na kupitiliza, hakuna wa kulaumiwa. Badilisha zote za shafti hiyo kwa pamoja, maana umri wao ni mmoja na kazi ya kushusha shafti ni ile ile ukibadilisha moja au nne. Anayebadilisha moja atalipa ufundi mara mbili. Ukiagiza kutoka Dar, peleka vipimo vinne: unene wa waya, kipenyo cha springi, urefu wake ikiwa imelegea, na idadi. "Springi ya shata ya gereji" si kipimo.

Hapa naomba uwe mkali kidogo. Springi iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono. Usilegeze bolti yoyote ya shafti mwenyewe, na fundi akitaka kukata shafti kwa grinda kabla hajaachia mkazo wa springi, msimamishe kazi hapo hapo.

Sasa kutoboka. Chukua bisibisi, choma kila bapa kuanzia chini, upande wa ndani. Unga mweupe juu ya bati ni zinki inayoliwa na chumvi. Bati lenyewe bado zima. Kutu nyekundu maana yake zinki imekwisha mahali hapo. Bisibisi ikizama, bapa hilo halina maisha. Kwa kawaida huanza manne hadi sita ya chini, kwa sababu maji ya mvua yanaruka kutoka sakafuni na mchanga wenye chumvi unakaa kwenye maungio. Ukiwa Shangani au Mikindani, au mtaa wa ufukweni pale Lindi mjini, upepo wa kusi unaleta chumvi mlangoni miezi mingi ya mwaka, hata kama bahari huioni kutoka barazani.

Mabapa huchomolewa kwa pembeni, hayachomelewi. Bapa linalofunika sentimita 7.5, sita ni kama sentimita 45 tu za urefu. Kwa shata yako ni karibu mita 17 za bapa, ukaongeza na chuma cha chini kabisa ambacho mara nyingi kimeoza pia. Shida ni kupata umbo lile lile: tofauti ndogo ya mkunjo na mabapa hayashikani, au yanashikana na kukwama. Kata kipande cha sentimita 10 cha bapa lililokufa upeleke kama sampuli. Picha ya simu haitoshi. Kama mabapa yaliyozama bisibisi yamefika theluthi ya shata, mimi nisingebandika viraka, ningebadilisha pazia zima la mabapa na kubakiza shafti na reli kama ni nzima.

Reli na shafti watu huzisahau. Reli hutazamwa kwenye sentimita 20 za mwisho, pale inapogusa sakafu. Beringi za shafti ni kitu kidogo kwa bei, lakini zikiwa zimekwama zinaua springi mpya na mota mpya. Shata ikishushwa kwa sababu yoyote, beringi zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Tukija kwenye mpya, hesabu ya mita za mraba ndiyo inayowaliza wengi. Wewe umepima uwazi: 2.7 mara 2.4, ni mita za mraba 6.48. Kiwanda kinapima pazia. Kila upande linaingia kwenye reli kama sentimita 6, na juu linabaki kama sentimita 40 limezunguka shafti hata mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo 2.82 mara 2.8, ni karibu mita za mraba 7.9. Kwa mfano tu, bei ikiwa 100,000 kwa mita ya mraba, tofauti ni zaidi ya 140,000 na hakuna aliyekuibia. Uliza mapema: "mita hizo ni za uwazi au za pazia?" Halafu uliza kama ndani yake kuna reli, shafti, springi, boksi la juu, kufuli, usafiri wa kutoka Dar na kung'oa ya zamani. Uliza pia kama VAT imo. Bei mbili zinazopishana sana mara nyingi ni orodha mbili tofauti za vitu.

Unene wa bati usikubali utajwe kwa geji (namba ya unene) peke yake. Geji 22 ya vipimo vya Uingereza ni milimita 0.71, ya mabati ya zinki ya Marekani ni kama 0.85. Dai milimita, na upime bapa kwa venia (kifaa cha kupimia unene) likifika. La pili, na kwa pwani yetu nalipa uzito kuliko unene, ni zinki. Alama kama Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa jumla. Z100 ina gramu 100. Kwa macho, siku ya kwanza, zote zinang'aa sawa. Alumini haipati kutu nyekundu na ni nyepesi, lakini ikifungwa kwa bolti za chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi, inaliwa pale bolti ilipo. Na ni laini, kwa mwizi mwenye nyundo si kizuizi kikubwa.

Reli zifungwe kwa anka bolti ukutani. Mafundi wetu wanapenda kuchomelea, na kila pointi ya moto inaunguza zinki. Kutu itaanzia hapo. Kama hakuna namna, pale pasuguliwe mpaka chuma kionekane, papakwe rangi yenye zinki, siyo rangi ya silva ya kupendezesha.

Mota ije mwisho. Ile ya katikati ya shafti inategemea springi. Ukiifunga kwenye springi zilizochoka utaiunguza. Ile ya pembeni yenye mnyororo inabeba uzito wote yenyewe, na inahitaji ukuta au fremu imara. Ipi iwe, hakikisha ina njia ya kufungua kwa mkono umeme ukikatika, na uijaribu mwenyewe kabla fundi hajaondoka. Mota inayovuma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita (kifaa kidogo cha kuipa mota nguvu ya kuanza) imekufa, kitu cha bei ndogo, usikimbilie kununua mota. Inayofanya kazi kidogo kisha kukaa kimya imepata joto na kujizima. Iache ipoe kabla ya kumwita mtu.

Kwa maelezo yako, kama shafti na reli ni nzima, mimi ningefanya springi zote, beringi, mabapa ya chini na chuma cha chini, bila mota. Mwombe fundi aandike bei hiyo kando ya bei ya mpya. Ikivuka nusu ya mpya, nenda mpya. Agiza vyote kwa mzigo mmoja: Mei 2024 barabara ya Dar ilipokatika upande wa Lindi, aliyekuwa na kipande kimoja njiani alingoja na mlango wazi.

Na ile oili chafu ya gari kwenye reli, acha. Inashika mchanga na kugeuka msasa. Osha reli na mabapa ya chini kwa maji baridi ya bomba kila wiki mbili wakati wa kusi, kausha, kisha grisi kidogo kwenye springi na beringi tu.