Msiape jukwaani

Wanabendi, mkitaka kutoa albamu ya kibiashara, toeni. Ila msiwe mmeapa mbele ya watu kwamba hamtaitoa. Ushauri huu nimeulipia.

Nilikuwa mpiga besi wa bendi ndogo ya roki hapa Nairobi. Kila shoo, kabla ya wimbo wa mwisho, mwimbaji wetu alitangaza kwamba hakuna prodyuza atakayetulainisha. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na mimi nikivimba kichwa. Haukupita mwaka tukawa studio, gitaa zimepunguzwa makali, kiitikio kinarudiwa ili redio zikipende. Nyimbo hazikuwa mbaya. Mbili bado nazipenda. Lakini siku ya uzinduzi, kijana aliyekuwa akituuzia fulana mlangoni bila malipo alikuja mbele kabisa, akasubiri tuanze, akageuka akatazama ukuta hadi tulipomaliza.

Hapo ndipo nilipowaelewa Jawbreaker, bendi ya watu watatu ya panki, yaani roki kali, ya San Francisco, Marekani. Mwaka 1993 walipotangulia jukwaani kwenye shoo kadhaa za Nirvana, bendi maarufu ya roki, minong'ono ilianza kwamba wamenunuliwa. Mwimbaji wao, Blake Schwarzenbach, akawahakikishia watu kwamba lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya muziki, hawaitaki. Kisha wakasaini DGC, lebo ya Nirvana hao hao, kwa mkataba unaotajwa kuwa wa dola milioni moja. Albamu yao Dear You ilitoka 1995, prodyuza Rob Cavallo, yule aliyerekodi bendi ya Green Day. Sauti ya Blake ilikuwa safi mno, mashabiki wakailaumu lebo. Kumbe alishafanyiwa upasuaji wa koo! Lakini ukishavunja kiapo, nani atasikiliza habari za koo? Kwenye shoo wengine waliketi sakafuni wakawapa mgongo. Mauzo yakadorora. Mwaka 1996 Blake na mpiga besi Chris Bauermeister walipigana ndani ya gari la ziara, na bendi ikafa.

Sisi hatukupigana. Tulinuniana tu kwenye matatu usiku ule, kondakta akidai nauli ya viti viwili kwa ajili ya ngoma kubwa, na hakuna aliyetia mkono mfukoni.

Basi kabla ya kuingia studio, waiteni wanaowabebea spika na kuwauzia fulana. Wapigieni zile nyimbo mpya wenyewe, wanune mbele yenu. Na kama kuna pesa ya lebo, ulizeni inarudishwaje: kwa kawaida hukatwa kwenye mgao wenu wa mauzo kabla hamjaona shilingi.

Jawbreaker walisubiri sana. Mpiga ngoma wao, Adam Pfahler, aliitoa upya Dear You mwaka 2004 kupitia lebo yake ndogo, na 2017 wakarudi pamoja jukwaani kwenye tamasha la Riot Fest, Chicago. Siku hizi wapo wanaoiona ndiyo albamu yao bora.

Yule kijana wa fulana nilimtumia Dear You mwaka jana. Akajibu, "Kali sana." Ya kwetu hajaigusa.