Maswali ya wasomaji: Gemu kali za zamani zilizotupita

Kaka habari za kazi, nimepata PS2 used kwa jamaa aliyekuwa anahama mji, imekuja na diski ya Winning Eleven ya mpira na GTA San Andreas ambazo nimezicheza tangu niko shule. Nataka kitu sijawahi kukiona ila kiwe na mapigano. Nianze na ipi? – Msomaji, Mbeya

Salama kabisa mdogo wangu. Tafuta Freedom Fighters ya mwaka 2003 na usiache mpaka uipate. Waliotengeneza ni IO Interactive wa Denmark, walewale wa Hitman, gemu ya muuaji wa kukodiwa, na nadhani ndo maana imesahaulika, maana ukiwataja hao watu kila mtu anawaza yule jamaa mwenye kipara tu.

Humo ndani historia imegeuzwa, Vita vya Pili vya Dunia viliisha baada ya Wasovieti kuipiga Berlin bomu la atomiki, miaka ikaenda, mwisho wakaivamia New York yenyewe. We ni Chris Stone, fundi bomba, asubuhi umeenda kazini na ndugu yako Troy kama siku zote na ghafla mji umejaa wanajeshi, na silaha yako ya kwanza ni spana ya kazini. Sasa kinachonifurahisha mimi ni jinsi watu wanavyokuja upande wako. Hawaji tu kwa sababu misheni imesema, inabidi uwasaidie raia waliojeruhiwa, ukamate majengo upandishe bendera, hapo jina linakua na wapiganaji wanakubali kukufuata, mwanzo wawili watatu mpaka wanafika 12. Amri ziko tatu tu, nifuate, shambulia, linda, na zinatosha kabisa, yani unampeleka mmoja kwenye kona, wengine wanakaa nyuma ya gari, we unazunguka kwa nyuma, na gemu nyingi za leo zenye vitufe kibao haziwezi kufanya hivo vizuri namna ile.

Alafu steji zake zimeungana. Kuna helikopta inakupiga sehemu moja huwezi hata kutoa kichwa, unarudi kwenye mtaro wa maji taka ambako ndo maskani yenu, unatokea mtaa mwingine, unalipua kiwanja inapotua, ukirudi kule anga jeupe. Mwaka 2003 hiyo! Na sauti weka juu, muziki ni wa Jesper Kyd pamoja na kwaya ya Redio ya Hungaria, wakianza kuimba wakati bendera inapanda mwili unasisimka. Mwaka 2020 waliitoa tena kwa kompyuta ila sehemu ya pili haijawahi kuja mpaka leo na inaniuma.

Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 10, kila gemu anayoletewa na binamu zake ni bunduki na damu. Je kuna za zamani nzuri zisizo na mambo hayo? – Mama, Mombasa

Waaleikum salaam mama. Zipo, na mpe kwanza Klonoa 2 ya Namco, ya 2001, ni PS2 pia. Ni kiumbe mwenye masikio marefu, ana pete inayorusha upepo, anamkamata adui anamtumia kurukia juu zaidi au anamrusha mbele. Hakuna damu kabisa, na usidhani ni ya kitoto, kuelekea mwisho hata mtu mzima anakuna kichwa.

Akikua kidogo kuna Okami ya 2006, na hapa nikuambie mapema kwamba hadithi yake imejengwa juu ya miungu ya Kijapani, mhusika mkuu Amaterasu ni mungu jua katika umbo la mbwa mwitu mweupe, kwahiyo we mzazi ndo uamue kama nyumbani kwako inafaa. Ila kwa kazi ya mikono sijaona nyingine kama hiyo. Gemu nzima inaonekana kama imechorwa kwa brashi na wino kwenye karatasi, na we mwenyewe una brashi, unasimamisha kila kitu, unachora duara angani jua linatoka, unachora kwenye mti mkavu unachanua, unapiga mstari mmoja mwamba unakatika. Mapigano yapo, lakini furaha yenyewe ni kuiona nchi iliyokufa ikirudi kuwa ya kijani popote unapopita. Na ina maandishi mengi ya Kiingereza, atasoma bila kusukumwa.

Niaje. Kila mara unasifu gemu ambazo hazikuuza. Kama zilikuwa kali hivyo mbona watu hawakununua, si soko ndio hujua? – Msomaji, Nairobi

Poa. Hapana, soko halijui, soko linaona kilichowekwa mbele yake tu. Angalia Beyond Good & Evil, imetengenezwa na Michel Ancel, aliyeleta Rayman. Ubisoft waliitoa Novemba 2003, mwezi uleule wakatoa Prince of Persia: The Sands of Time, yani kampuni imeshindana na mtoto wake mwenyewe, na hapohapo madukani kumejaa gemu za Krismasi. Alafu muuzaji aielezeje? Jade ni mwandishi wa habari, anapiga picha, analea watoto yatima kwenye mnara wa taa akishirikiana na Pey'j ambaye ni nguruwe, na kazi yake ni kutafuta ushahidi kwamba lile jeshi linalosema linawalinda wananchi lina lake jambo. Fimbo anayo lakini silaha inayobadilisha mambo ni kamera, na pesa ya kula anaipata kwa kupiga picha wanyama wa sayari yao. Hiyo huwezi kuieleza kwenye tangazo la sekunde 30, maduka yakashusha bei haraka, watu wakaja kuipenda wakati imeshachelewa. Sehemu ya pili tunaisubiri tangu walipoionyesha mara ya kwanza 2008.

Okami ndo inauma zaidi, ilishinda tuzo za gemu ya mwaka alafu Guinness wakaja kuiweka kwenye kitabu chao cha rekodi za dunia kama mshindi wa tuzo hiyo aliyeuza vibaya kuliko wote. Clover Studio walioitengeneza, kampuni mama yao Capcom waliwafunga miezi michache tu baada ya kuitoa. Sasa niambie soko lilijua nini hapo, wakati Desemba 2024 imetangazwa sehemu ya pili na mwongozaji yuleyule Hideki Kamiya na watu walilia.

Na huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo naona haisemwi. Wengi wetu tulicheza kwenye vibanda, unalipia mechi au unalipia dakika, na nyuma yako kuna foleni. Nani atalipia aangalie Jade anapiga picha ndege? Mwenye kibanda anataka mpira, mieleka, ngumi, kitu cha watu wawili kinachoisha haraka, na gemu ya saa 40 inayotaka usevu urudi kesho haikuwa na nafasi pale hata kidogo. Mwenye kibanda alikuwa anatafuta riziki yake, simlaumu, ila ndo ilivyokuwa, kizazi kizima kimekua na PS2, mashine iliyouza zaidi ya milioni 150 duniani, na tumeonja kipande kidogo sana cha kilichokuwemo.

Mi sina PS2, nina laptop ya zamani haina grafiksi kadi. Kuna chochote? – Msomaji, Dodoma

Psychonauts, 2005, ya Tim Schafer na wenzake wa Double Fine. Microsoft walikuwa nayo wakaiacha njiani, ikachukuliwa na kampuni ndogo ya Majesco, haikuuza. Raz ni mtoto aliyetoroka sarakasi akaingia kambi ya watoto wenye nguvu za akili, na kila steji ni kichwa cha mtu mwingine, yani unatembea ndani ya mawazo yake. Kuna mlinzi mmoja anayemshuku kila mtu, kichwani mwake mitaa imejipinda hewani na majasusi wamesimama kila kona, kila mmoja kashika kitu mkononi kujifanya raia wa kawaida, na we hupiti mpaka ushike kitu kama chao. Hiyo steji peke yake inatosha bei yake, na kwenye Steam na GOG, maduka ya gemu za kompyuta mtandaoni, mara nyingi inashushwa bei. Laptop yako itaibeba.

Nikizima PS2 kila kitu kinaanza upya, je ni mbovu? – Msomaji, Tanga

Sio mbovu, PS2 haina sehemu ya kuhifadhi ndani yake, unahitaji memori kadi, ile ya Sony ni MB 8 na inatosha gemu nyingi. Chomeka kadi kabla hujawasha gemu, na gemu ikiwa inasevu usiichomoe.