Epoksi ya chambo ikibanduka, anza kutazama tundu la skrubu

Mkuu, umesema vyambo vyako vya mbao (samaki bandia wa kuvulia) vinatoka mezani viking'aa, ila baada ya safari mbili tatu majini epoksi, ile gundi angavu ya kuchanganya na kigumishi unayopaka juu ya rangi, inafifia kama kioo chenye ukungu tumboni, kisha inabanduka pamoja na rangi. Sasa unataka kununua epoksi ya aina nyingine. Subiri kwanza. Mimi nilibadilisha aina tatu na tatizo likabaki palepale.

Mwishowe nilichukua chambo kimoja kilichoharibika nikakipasua kwa kisu, toka mdomoni hadi mkiani. Mbao ya mgongoni ilikuwa kavu kabisa. Lakini kuzunguka skrubu ya ndoana ya tumboni kulikuwa na doa jeusi, ukubwa wa punje ya mahindi, na nilipolibonyeza kwa ukucha likatoa maji. Maji hayakupenya epoksi, yaliingia kwa tundu la skrubu. Mbao ikinywa maji inavimba, na epoksi ikishakauka ni ngumu, haiwezi kutanuka pamoja nayo, kwa hiyo inapasuka.

Tangu hapo natoboa kila kitu kabla ya rangi: matundu ya skrubu, mkato wa kuchomeka mdomo (kibapa cha mbele), shimo la risasi (uzito wa kukisawazisha chambo). Halafu naziba mbao yote kwa epoksi niliyoilainisha na spiriti kidogo ili inywewe, na ndani ya kila tundu naipeleka kwa kijiti cha meno. Ikikauka nasugua kwa msasa wa namba 320, na hapo kingo zote kali nazizungusha, maana epoksi hukimbia kwenye ncha na kuacha ngozi nyembamba mno. Skrubu inapoingia kwa mara ya mwisho, meno yake yanapakwa epoksi. Pia kiache chambo kielee kwenye ndoo kikiwa na ndoana zake kabla hujapaka rangi. Kikilala upande, risasi inarekebishika bado. Ukishapaka, huna njia.

Kwenye rangi mimi napuliza akriliki ya maji. Nyeupe inatangulia, kwa sababu rangi zinazofuata zinapata mwanga kutoka chini yake. Juu ya mbao tupu zinafifia. Mikono mitatu myembamba ya rangi ni bora kuliko mmoja mzito. Baada ya hapo tumbo nalibakiza jeupe, ubavu rangi ya fedha, mgongo kijani iliyokolea, na mipaka isikatwe kama kwa rula, iyeyukiane. Samaki wengi wadogo wako hivyo, giza juu na mwanga chini, na naamini hilo lina uzito kuliko urembo mwingine wote.

Magamba yana utamu wake, hata hivyo. Chukua kipande cha wavu laini wa nailoni, kama ule wa dodoki la kuogea, kikaze juu ya chambo na ukibane kwa vibanio vya nguo chini ya tumbo. Puliza rangi ya mgongo kutoka juu, mbali kidogo, mara mbili tu. Ngoja ikauke, kisha inua wavu moja kwa moja bila kuuburuta. Kila nilipoharakisha hapo, magamba yalitoka na mikia.

Rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole huku ndani bado ina maji. Mimi naiacha ilale usiku mzima hata kama nimetumia kikaushia nywele. Na kama unataka kumalizia kwa vanishi ya kopo la kupuliza, ijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao kilichopakwa rangi ileile, kwani vimiminika vyake vinaweza kuikunja rangi ya chini.

Epoksi yenyewe: pima kama mtengenezaji alivyoandika. Ukizidisha kigumishi ukidhani itakauka haraka, itabaki inanata. Koroga taratibu, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha imwage juu ya karatasi ya foili. Ikitandazwa viputo vinatoka vyenyewe, na haipati moto haraka kama ikiwa imejaa kikombeni. Ile ya dakika tano iache, inaganda kabla haijajisawazisha, halafu inageuka manjano. Vaa glavu, fungua madirisha, na usishike chambo kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanafanya epoksi ikimbie na kuacha vidimbwi. Kama huna mota ya kukizungusha polepole, kigeuze kwa mkono kila baada ya dakika chache hadi isitiririke tena.

Ukungu nao upo wa aina mbili. Kama unafutika kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, huo ni utando unaotokana na hewa yenye unyevu epoksi ikikauka. Osha, piga msasa kidogo, paka mkono wa pili. Kama uko chini na haufutiki, basi ni maji, ama ya rangi isiyokauka ama ya lile tundu.

Vile ulivyonavyo usivitupe. Ng'oa skrubu, kwangua epoksi yote iliyoachia, viweke penye hewa kavu wiki nzima au zaidi, kisha ziba matundu kabla hujagusa rangi.